Safari ya Baisikeli Kutoka Eldoret: Kupanda ni Nguvu, Kushuka ni Akili

Eldoret, mji uliopewa cheo cha jiji tarehe 15 Agosti 2024, wajulikana ulimwenguni kwa ajili ya wakimbiaji wake. Lakini mtu akisimama kando ya barabara ya Iten alfajiri, ataona kuwa si wakimbiaji peke yao wanaopita hapo. Hupita pia baisikeli za kila namna: zile nyeusi nzito zilizobeba maziwa na magunia, zile nyepesi za mashindano, na mara kwa mara baisikeli ya msafiri aliyefunga mzigo wake nyuma, akitaka kuiona nchi kwa nguvu za miguu yake mwenyewe. Makala haya ni kwa ajili ya msafiri huyo, na kwa kila mtu anayefikiri kumfuata.

Tutachukua safari moja iwe mfano wetu. Twaondoka Eldoret mpaka Iten, twateremka ukingo wa Elgeyo kupitia Tambach, twavuka mto Kerio, kisha twapanda tena mpaka Kabarnet. Njia yote ni kama kilomita 90. Mtu asiyeijua aweza kusema, "Hiyo ni safari ya siku moja tu." Lakini Eldoret iko kimo cha mita 2,100 hivi juu ya bahari, na Iten mita 2,400, na kutoka Iten hadi darajani Kerio barabara hushuka zaidi ya mita 1,000, kisha hupanda tena karibu kiasi hicho hicho. Baridi, joto, mlima na bonde vyote vimo katika safari hiyo moja. Aliyejiandaa vema kwa njia hii amejiandaa kwa njia nyingi za Afrika Mashariki.

Baisikeli ipi yafaa?

Wengi hudhani ya kwamba baisikeli njema ni ile ya bei kubwa. Sivyo. Baisikeli njema kwa msafiri ni ile isiyo na kasoro, yenye breki za kutegemewa, na ambayo yeye mwenyewe aweza kuitengeneza njiani.

Baisikeli nyeusi, ile watu waiitayo Black Mamba, ina sifa zake. Ni aina hiyo iliyotumiwa mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960 kuvusha watu na mizigo, ndipo likazaliwa neno bodaboda. Fremu yake ni ya chuma kigumu, karia yake hubeba mzigo mzito, na fundi wa kuitengeneza hupatikana karibu katika kila soko. Lakini ni nzito, kwa kawaida haina gia, na breki zake za vyuma hazishiki vizuri rimu ikilowa. Mwenye baisikeli hiyo asione haya kushuka na kuisukuma mlimani, wala asione haya kushuka na kuiongoza kwa mkono penye mteremko mkali.

Baisikeli yenye gia humpunguzia mtu taabu ya kupanda. Lakini tairi na vipuri vyake huenda visipatikane nje ya miji mikubwa. Mwenye nayo hana budi kuchukua vipuri vyake kutoka Eldoret.

Vyombo vya kuchukua

Haya ndiyo machache yasiyopasa kukosekana: pumpu, tyubu 2 za kipimo cha tairi zako, viraka, gundi na kipande cha msasa, vyuma vya kufungulia tairi, spana zinazoingia katika nati zako zote, waya mmoja wa breki na jozi moja ya mipira ya breki, kichupa cha mafuta ya mnyororo, na kipande cha waya na kamba ya mpira, maana hivyo viwili hutengeneza mambo mengi ambayo hayakutazamiwa.

Kabla ya kuondoka, jizoeze kuziba pancha nyumbani. Ukimaliza kuutoa mwiba katika tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi, maana mwiba wa pili hukaa humo ukingoja tyubu mpya. Wengi wameziba pancha moja mara tatu kwa kulisahau jambo hili.

Mzigo uwe mdogo. Vitu vizito vikae chini na karibu na gurudumu, si juu ya karia vikiyumba. Kamba zote zifungwe miisho yake, kwa sababu kamba inayoning'inia ikiingia katika spoki hulisimamisha gurudumu ghafula na kumwangusha mtu. Chukua sweta na koti la mvua hata kama jua lawaka, kwani katika nyanda hizi za juu, hasa kati ya Aprili na Agosti, mvua na mawe ya barafu mara nyingi huja alasiri. Kwa sababu hiyo pia yafaa kuondoka asubuhi mapema, punde kunapokucha.

Urefu wa kiti

Maumivu mengi ya goti hayatokani na safari ndefu, bali na kiti kilichowekwa vibaya. Kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kisha weka sehemu ya mbele ya wayo juu ya pedali, kama ipasavyo kuendesha. Sasa goti litakunjika kidogo, na hivyo ndivyo itakikanavyo. Kiti kikiwa chini mno, goti huuma upande wa mbele. Kikiwa juu mno, huuma upande wa nyuma, na kiuno huyumba huku na huku.

Vidole vikifa ganzi, ni dalili ya kwamba waegemea sana usukani. Badilisha mahali pa mikono kila mara. Na kwa sehemu ya mwili inayokaa kitini, dawa ni usafi: vaa suruali isiyo na mshono mnene, ioge ngozi kila jioni, na usivae kesho nguo iliyolowa jasho la leo. Kijipu kidogo mahali hapo chaweza kuivunja safari nzima.

Kutoka Eldoret hadi Iten

Kama kilomita 35 hizi hazina mlima wa kutisha, lakini mgeni kutoka pwani atashangaa jinsi anavyohema. Sababu ni kimo. Mgandamizo wa hewa Eldoret ni pungufu ya ule wa Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja katika tano, na mapafu hayana budi kufanya kazi zaidi. Mgeni akae siku mbili tatu kwanza, na siku ya safari aende mwendo ambao aweza kuzungumza bila kukatika pumzi.

Kunywa kabla ya kiu na kula kabla ya njaa. Ndizi, karanga, mahindi ya kuchemsha na chai ya maziwa vyatosha. Maji ya mto au kisima yachemshwe. Na kwa kuwa huku juu maji hutokota kwenye joto la digrii 93 hivi, si 100, yaachwe yatokote kwa dakika 3 kamili.

Ukae upande wako wa kushoto, uvae nguo ya rangi ya kung'aa, wala usisafiri usiku. Ikiwa giza limekukuta, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima.

Simama ukingoni

Sasa tumefika Iten, na mbele yetu bonde la Kerio limefunguka. Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asimame. Uzuri wa mahali pale humvuta mtu ajiachie chini kama ndege, na hapo ndipo hatari kubwa ya safari yote ilipo.

Fikiri hesabu hii. Mtu na baisikeli na mzigo wake, jumla kilo 100, wakishuka mita 1,000, na breki peke yake zikawa ndizo zinazowazuia, joto litakalotoka katika breki hizo lingetosha kuchemsha karibu lita 3 za maji. Joto hilo huingia katika rimu na mipira ya breki, na kwa mtu anayekaza breki bila kuziachia, tyubu yaweza kupasuka. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, nafasi inayohitajiwa ili kusimama huzidi mara nne. Mtu aliyekuwa aweza kusimama katika mita 10 sasa ataka mita 40, na kona za Tambach hazimpi mita 40.

Basi kabla ya kushuka fanya mambo matano. Kaza breki zote mbili na kusukuma baisikeli mbele, isiende. Tazama mipira ya breki. Iliyokwisha ibadilishwe pale pale. Vuta nyaya uone kama nyuzi zake zimekatika. Jaribu nati za magurudumu. Shika mzigo uutikise, usicheze.

Ukiwa unashuka, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Tumia breki zote mbili, ukikaza na kuachia, ili zipate kupoa. Simama kila baada ya kilomita chache, utie tone la maji juu ya rimu: likichemka mara moja, pumzika. Jihadhari na mchanga na mawe yaliyoporomoka baada ya mvua, na lori linalopanda likikata kona.

Wala mtu asiseme, "Mimi ni hodari, hayo ni ya wanaoanza." Suleiman Kangangi, Mkenya aliyefanya mazoezi katika barabara hizi za Iten, alishika nafasi ya 3 katika Tour du Rwanda mwaka 2017 na akawa nahodha wa timu ya Amani. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika mashindano huko Vermont, Marekani, akafariki dunia, naye alikuwa na umri wa miaka 33. Ustadi wake haukuwa na shaka. Ikiwa mtu kama huyo aliweza kupatwa, sisi wengine tuliobeba sufuria na blanketi hatuna sababu ya kushindana na mteremko.

Kofia ngumu ivaliwe, na ukanda wake ufungwe chini ya kidevu. Kofia iliyokwisha kupata pigo kubwa itupwe, hata kama kwa macho yaonekana nzima.

Ajali ikitokea

Kwanza, mtoe aliyeanguka katika hatari ya magari, ila ikiwa shingo au mgongo wamwuma, au hana fahamu, asiguswe ovyo. Zuieni magari badala yake, na kupiga simu ya dharura 999 au 112.

Damu ikitoka kwa nguvu, gandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa muda wa dakika 10 bila kufunua kutazama.

Michubuko ioshwe kwa maji safi mengi na sabuni mpaka mchanga wote utoke, ingawa yauma. Kisha ifunikwe kwa kitambaa safi. Usitie udongo, mafuta ya taa, wala dawa ya meno. Aliyechubuka barabarani na hajui alichanjwa lini kinga ya pepopunda, aende kituo cha afya siku ile ile.

Mtu akianguka juu ya mkono au bega, mara nyingi huvunjika mtulinga. Mkono usinyooshwe kwa nguvu. Ufungwe kifuani kwa leso, apelekwe hospitali.

Kichwa ndicho cha kuogopwa zaidi. Aliyejigonga akatapika, akasinzia, akasahau yaliyotokea, au akalalamika kuwa kichwa chazidi kuuma, asiachwe peke yake wala asiruhusiwe kupanda tena baisikeli. Apelekwe kwa daktari mara moja. Iten kuna hospitali, na Eldoret iko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Bondeni na kupanda Kabarnet

Chini bondeni sweta halina kazi tena. Joto la mchana mara nyingi hupita digrii 30. Pumzika kivulini saa za jua kali, na unywe maji. Mwenzako akipata kizunguzungu, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, mlaze kivulini, umlowanishe kwa maji na kumpepea, utafute msaada. Akiharisha, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo.

Mbu wa bondeni huleta malaria kuliko wale wa Eldoret. Ukilala huko, lala ndani ya chandarua. Na ukipata homa hata wiki mbili au tatu baadaye, kapimwe damu. Pia, kwa kuwa pande fulani za bonde zimepata kusumbuliwa na wizi wa mifugo, uliza habari za njia Iten kabla ya kushuka.

Kutoka mtoni hadi Kabarnet ni kupanda tu. Hapo hakuna siri: gia nyepesi, pumzi ya polepole, na kushuka kusukuma inapolazimu. Ni bora kulala njiani na kufika kesho.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Katika safari hii twaweza kuongeza ya kwamba mwenda pole pia hana haja ya kuogopa kona. Mlima humchosha mtu, naye akipumzika nguvu humrudia. Lakini mteremko humpa asiyejiangalia nafasi moja tu. Basi msomaji, ukifika ukingoni Iten, simama, zitazame breki zako, ndipo ulitazame bonde.