Punguza bugali, usipunguze maharagi: wazee wetu wanapoambiwa washushe kilo

Katika barua hii tumezoea kuwaletea maneno ya mbegu, ya mbolea na ya kuhifadhi mavuno. Mara hii tunaleta maneno ya sahani. Musishangae. Mutaona mwishoni kwamba ni maneno ya shamba vilevile.

Msimu uliopita tulikuwa katika mkutano wa koperative moja kwenye milima ya Walungu. Mama mmoja mzee, mwenye miaka 63, aliomba neno. Wote wanamjua: ni yeye alifundisha wamama wengi kupanda maharagi ya kupanda mti. Alisema hivi: "Munganga aliniambia nipunguze kula juu ya sukari na tansio. Nikapunguza. Kilo 11 zimetoka kwa miezi minne. Sasa juu ya nini nguvu inaniishia? Jembe inanishinda. Juzi nilianguka shambani."

Tulimuuliza: mama, unakula nini? Alijibu bila kuficha. Asubuhi chai na sukari. Saa sita hakuna kitu. Magaribi bugali kidogo ya mihogo na sombe. Maharagi aliacha, "sababu inajazaka tumbo". Sambaza aliachia wajukuu. Na dawa ya sukari alikuwa anameza kila asubuhi.

Kumbe mama huyu alitii shauri, lakini alikata mahali pabaya. Hayuko peke yake. Tangu siku ile tumekuta wazee wengine wa namna hiyo, wababa na wamama. Ndiyo sababu tumeandika.

Kilo zinazotoka ni za nini?

Mwili ukishuka kilo, si mafuta tu yanatoka. Nyama ya mikono na ya miguu, ile tunaita misuli, inatoka pia. Kwa kijana hiyo si shida kubwa, inarudi haraka. Kwa mtu aliyepita miaka 60, misuli inapungua yenyewe kila mwaka hata kama anakula vizuri, na ikisha kutoka, kuirudisha ni kazi ngumu. Mzee akipunguza kula ovyo, anapoteza mafuta na nguvu pamoja. Mizani inafurahi, lakini magoti yanalia.

Wakulima wa kahawa wanajua jambo hili. Ukikatia mti, unatoa matawi ya bure, unaacha shina. Hakuna mtu anakata shina halafu anangojea mavuno.

Shina la mwili wa mzee ni protini, maana yake chakula cha kujenga mwili: maharagi, soja, karanga, samaki, mayai, maziwa, nyama. Mzee wa kilo 70 anahitaji karibu gramu 70 za protini kwa siku. (Mwenye ugonjwa wa mafigo aulize munganga kwanza, kipimo chake ni kingine.) Sasa tuangalie kile tunakulaka kila siku:

- gramu 100 za unga wa mihogo: protini haifiki gramu 3;
- gramu 100 za maharagi makavu: zaidi ya gramu 20;
- gramu 100 za soja kavu: zaidi ya gramu 35;
- gramu 100 za ndagala au sambaza iliyokauka vizuri: zaidi ya gramu 50;
- yai moja: karibu gramu 6.

Munaona? Mama yetu alibakiza bugali na akaacha maharagi. Mwili wake ulikosa kitu cha kujengea, ukaanza kula misuli yake wenyewe.

Basi tupunguze nini?

Tulikaa naye na binti-mkwe wake jikoni, sababu katika nyumba nyingi mzee si yeye anapika. Ukimfundisha mzee peke yake, umefundisha nusu. Tuliona mambo manne.

Kwanza, mlima wa bugali. Hatusemi aache bugali. Mtu wa kwetu asipokula bugali anasema hajakula. Kipande chake kiwe sawa na ngumi yake mwenyewe. Nusu ya sahani iwe mboga: lenga-lenga, matembele, shu, sombe. Robo iwe bugali. Robo inayobaki iwe maharagi au samaki. Na kama munakula wote katika sahani moja, mumutolee mzee sehemu yake mbele. Katika sahani ya pamoja yeye anaachiaka watoto samaki, halafu anashiba na bugali.

Pili, sukari ya chai. Mama alikuwa anatia vijiko vitatu, vikombe viwili kwa siku. Kijiko kidogo kilichojaa ni karibu gramu 5. Mara sita ni gramu 30 kwa siku, karibu kilo nzima ya sukari kwa mwezi, na huyu ni mtu mwenye ugonjwa wa sukari! Hatukumwambia aache siku moja. Alitoa kijiko kimoja kila juma. Ulimi unazoea. Bei ya ile kilo ya sukari inaweza kununua mayai.

Tatu, mafuta ya mawese. Ni mazuri, yana vitamini A ambayo inasaidia macho, tusiyatukane. Lakini kijiko kikubwa kimoja kina kalori karibu 120, na katika sufuria ya sombe wengine wanamwaga bila kupima. Pima kwa kijiko: kijiko kimoja kwa kila mtu kinatosha. Na usiyachome mpaka rangi nyekundu ipotee, sababu vitamini inapotea pamoja na rangi.

Nne, kasiksi na bia. Hapa tunasema na wababa. Pombe inanenepesha karibu sawa na mafuta, tena inaharibu tansio. Mzee anayekula kidogo nyumbani halafu anamaliza chupa mbili jioni hajapunguza kitu.

Kwa wenye tansio kuna tena chumvi. Isipite gramu 5 kwa siku, ni kijiko kidogo kimoja kwa chakula chote cha siku. Makayabu yaloweshwe usiku na maji yamwagwe kabla ya kupika.

Usiruke chakula

Neno hili ni la hatari, tunaomba mulisome mara mbili. Mtu anayemeza dawa ya sukari asikae bila kula. Dawa nyingine zinashusha sukari ya damu hata kama tumbo iko tupu. Sukari ikishuka sana mtu anatetemeka, anatoka jasho baridi, akili inachanganyikiwa, anaweza kuanguka na hata kufa. Mama yetu alianguka saa tano asubuhi, jembe mkononi, na dawa tumboni bila chakula. Walimuokota wakasema ni uchovu wa uzee.

Mukiona dalili hizo kwa mtu wa sukari, na anaweza kumeza, mumpe haraka maji yenye sukari, halafu chakula, na mumpeleke kituo cha afya. Akiwa amezimia, musimtie kitu mdomoni, mumbebe mbio. Na mzee asipunguze wala asiache dawa kwa akili yake. Kilo zikianza kushuka, arudi kwa munganga. Huenda ni dawa inafaa kupunguzwa, lakini munganga ndiye atasema.

Kula mara tatu, kidogo kidogo. Asubuhi uji wa mahindi na soja ni bora kuliko chai tupu. Sehemu moja ya soja kwa sehemu tatu za mahindi. Soja ikaangwe kabla ya kusagwa, mbichi inaumiza tumbo. Uji huu unasaidia pia wazee wasio na meno. Kwao maharagi yapondwe, na sambaza isagwe iwe unga, imwagwe katika mboga.

Pole pole, na jembe isilale

Nusu kilo kwa juma inatosha. Mwendo wa mama, kilo 11 kwa miezi minne, ungeweza kufaa kwa mtu anayekula protini na kufuatwa na munganga. Kwa anayekula bugali na chai, ni kujibomoa.

Aendelee na kazi ya shamba. Misuli inayofanya kazi haitoki haraka. Ila alime asubuhi kukiwa baridi, baada ya kula, akiwa na maji karibu. Wazee hawasikii kiu vizuri. Mizigo mikubwa ya mgongo na kamba ya kichwa aachie wengine.

Kama hamuna mizani, kuna kipimo cha bure. Mzee akae kwenye kiti, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5 bila kujisukuma kwa mikono. Mtu mwingine asimame karibu naye asianguke. Ikipita sekunde 15, nguvu ya miguu imepungua. Fanyeni kila mwezi. Mkanda au kamba ya kiuno ikipungua na miguu bado inasimama vizuri, njia ni nzuri. Kiuno ikipungua na kusimama kukishindikana, simameni, ongezeni maharagi, nendeni kwa munganga.

Kama kilo zinashuka zenyewe

Kuna wazee wengine ambao hakuna mtu aliwaambia wapunguze, na nguo zinawalegea. Hiyo si baraka na si uzee tu. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 au zaidi kwa miezi sita bila kutaka, aende kituo cha afya. Kikohozi kilichopita majuma mawili, homa ya usiku, kiu nyingi na kukojoa sana, chakula kukwama kooni: yote yanaweza kuwa magonjwa yenye dawa kama yakionwa mapema.

Tunajua kuna haya. Wazee wanatuambia: "Nikikonda, batu watasema niko na ugonjwa, ao watoto yangu hawanilishi." Kwetu unene ni heshima ya nyumba. Lakini heshima hiyo haishiki jembe. Wanamemba wa koperative mukiona mwenzenu anakonda, musimseme nyuma. Mumuulize mbele, kwa upole.

Na shamba inaingia wapi?

Inaingia hapa. Tulipofungua gala ya ile nyumba, hamukuwa hata kilo moja ya maharagi. Yote iliuzwa juma la kwanza la mavuno, wakati bei iko chini, na feza ikanunua unga wa mihogo. Basi hata kama tungemwambia mama "kula maharagi", angekula gani?

Tufanye hesabu. Gramu 100 za maharagi makavu kwa siku ni kilo 3 kwa mwezi. Kutoka mavuno moja mpaka ingine ni karibu miezi sita. Ni kilo 18 kwa mzee mmoja. Si gunia. Lakini lazima ziwekwe pembeni kabla ya muuzaji kufika, si baada.

Mukaushe vizuri mpaka jino lisiingie. Mutie katika bidoni kavu, mujaze mpaka kwenye kifuniko bila kuacha nafasi ya hewa, mufunge kwa nguvu. Wadudu wakikosa hewa wanakufa. Bidoni ya litre 20 inakaribia kutosha akiba ya mzee mmoja. Muiandike jina lake, na musiifungue ovyo.

Karibu na nyumba mupande mistari miwili ya maharagi ya kupanda mti, sababu katika shamba ndogo yanazaa kuliko yale mafupi, na lenga-lenga pembeni. Mzee anaweza kuyachuma bila kushuka mulimani.

Mama wetu leo anakunywa uji asubuhi, anakula saa sita, na kipande chake cha bugali ni ngumi moja. Munganga amebadilisha kipimo cha dawa yake. Kilo zinashuka bado, lakini pole pole. Amerudi shambani, si siku nzima, mpaka saa nne tu. Anasema inamtosha.

Tunaomba kila koperative, katika mkutano wa mbele ya mavuno, iulize swali moja: wazee wetu ni wangapi, na bidoni zao ziko wapi? Mwandike hesabu hiyo katika kaye ya koperative, karibu na hesabu ya mbegu.

Kazi njema, na tuonane shambani.