Kamera Ukingoni mwa Ziwa Mweru

Mjini Nchelenge, mkoani Luapula, kaskazini mwa Zambia, jua halichomozi ziwani bali huzama humo. Jambo hilo dogo huwapotosha wageni wengi. Hufika ufukweni jioni, wakaona anga limekuwa jekundu juu ya maji, wakapiga picha kumi, kisha nyumbani wakakuta wavuvi wote wamegeuka vivuli visivyo na nyuso. Anayetaka nyuso na aamke mapema. Asubuhi jua humulika kutoka mgongoni mwa mpiga picha, likaangaza mitumbwi, nyavu, na Kisiwa cha Kilwa kwa mbali. (Kilwa hii siyo ile ya mkoani Lindi, tena ng'ambo, upande wa Kongo, uko mji mwingine wa jina hilo hilo.)

Asubuhi ndipo pia chisense huanikwa mchangani. Hao ni samaki wadogo mfano wa dagaa, wavuliwao usiku kwa taa. Mng'ao wao huidanganya kamera: hudhani mwanga umezidi, ikaififisha picha yote, hata mama anayewaanika akatoka mweusi tititi. Dawa yake haina gharama. Mpiga picha aguse uso wa mama katika kioo cha simu, asiguse samaki.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba moshi wa mioto ya porini huvificha vilima vya Kongo. Mvua za kwanza zikinyesha, hewa husafika. Lakini tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa upande wa Zambia ili samaki wazaliane, na hapo picha huacha kuwa mchezo. Picha ya mvuta nyavu iliyopigwa Septemba, ikionyeshwa Januari bila tarehe, humfanya mtu mwaminifu aonekane mvunja sheria. Mahali, mwezi na mwaka vikiandikwa chini yake, mtu huyo amesalimika.

Katika wilaya hiyo hiyo yako makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa wakimbizi walioanza kuwasili kutoka Kongo mwaka 2017. Kiswahili husikika humo, na mgeni anayekisema hupokelewa upesi. Kosa lake ni kudhani kwamba kupokelewa ni ruhusa. Huenda mama aliyekimbia bado anatafutwa. Uso wake ukizagaa, aliyemfukuza atajua alipo. Basi aombwe waziwazi, kwa salamu ya kwao: “Jambo, mama. Naomba kukupiga picha, na watu wengi wataiona. Unaridhia?” Akikataa, simu irudi mfukoni. Akiwa ni mtoto, aulizwe mzazi wake. Zambia imekuwa na sheria ya kulinda taarifa za mtu binafsi tangu mwaka 2021, lakini adabu hii ni ya zamani kuliko sheria.

Jamaa za askari wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Simu nyingi, zisipozuiwa, huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Mwaka 2012 Jeshi la Marekani lilieleza yaliyotokea Iraq mwaka 2007: askari walizipiga picha helikopta mpya zilipowasili kambini, wakazipeleka katika intaneti, adui akasoma mahali zilipo, akaziharibu 4 kwa makombora. Nchelenge ni wilaya ya mpakani. Baba aliye zamu huko, atakaye kuwaonyesha watoto wake mtumbwi mzuri, kwanza azime alama ya mahali katika simu yake. Na mama anayewapiga picha watoto mbele ya kota atazame kilicho nyuma yao: lango, magari, ghala.

Asiyeweza kufika Mweru hutafuta picha ya mwingine. Kuonekana kwa picha si idhini ya kuichukua. Zambia ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1994, na picha ni miongoni mwa kazi zinazolindwa. Zipo hata hivyo picha ambazo wenyewe wamezitoa zitumike, mathalan katika hazina ya Wikimedia Commons, aghalabu kwa leseni za Creative Commons zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Nyingi zina sharti la kumtaja mpiga picha, na baadhi ya leseni hizo hukataza biashara. Wala leseni ya mpiga picha haimsemei aliyepigwa. Lakini picha ya Ziwa Tanganyika isiitwe Mweru kwa kuwa tu inapendeza. Mkazi wa Kashikishi ataitambua papo hapo, na picha hafifu ya kweli ingalikuwa bora.

Hazina nyingine imo sandukuni mwa bibi: picha za studio za zamani. Picha ya namna hiyo ilazwe karibu na dirisha, mbali na jua kali, simu ishikwe sambamba nayo, na taa ya simu isiwashwe kwa kuwa huacha doa jeupe. Kwanza lakini bibi aulizwe majina ya waliomo, nayo yaandikwe taratibu nyuma ya picha kwa penseli laini, kwa maana wino huweza kupenya hadi upande wa nyuso.