Mallorca: Kisiwa cha Waendesha Baiskeli

Mallorca ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa la Baleari, lililo sehemu ya nchi ya Hispania katika upande wa magharibi wa Bahari ya Mediterania. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 3,640, yaani zaidi ya mara mbili ya kisiwa cha Unguja, na wakazi wake wanazidi laki tisa, ambao karibu nusu yao wanaishi Palma, ulio mji mkuu. Lugha rasmi ni Kikatalani, ambacho wenyeji wanakisema kwa lahaja yao ya kisiwani, na Kihispania. Sifa ya kisiwa hicho huko Ulaya ilijengwa kwanza na fukwe zake, lakini kati ya Februari na Mei, na tena Septemba na Oktoba, barabara zake hujaa waendesha baiskeli, ambao baadhi yao huja na familia nzima na kukaa katika hoteli zinazotumika kama kambi za mazoezi.

Sababu ya kwanza ya jambo hilo ni umbo la nchi yenyewe. Upande wa kaskazini-magharibi umepitiwa na safu ya milima ya Serra de Tramuntana, yenye urefu wa kilomita zipatazo 90, ambayo kilele chake kikuu, Puig Major, kina kimo cha zaidi ya mita 1,400. Milima hiyo huukinga uwanda wa katikati dhidi ya pepo za kaskazini, na katika uwanda huo, unaoitwa Es Pla, kuna mashamba ya milozi, ngano na mizabibu, pamoja na vijiji vilivyounganishwa kwa vijibarabara vya lami ambavyo magari hupita kwa nadra. Kwa kuwa mlima na uwanda vimekaribiana kiasi hicho, mwanariadha anayetafuta mwinuko mkali na mtoto anayejifunza kubadilisha gia wanaweza kutoka katika hoteli moja asubuhi, kila mmoja akashika njia inayomfaa, na wakakutana tena mchana.

Mandhari ya milimani si kazi ya maumbile peke yake. Waislamu waliitawala Mallorca tangu mwaka 902 hadi mwaka 1229, ulipotekwa mji mkuu na Mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon, na katika karne hizo waliendeleza mifereji ya kumwagilia na kilimo cha matuta, yaani ngazi za udongo zinazoshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Wakulima waliofuata waliyapanua matuta hayo na kuyapanda mizeituni na michungwa, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza Serra de Tramuntana katika orodha ya Urithi wa Dunia. Barabara zinazopendwa zaidi na waendesha baiskeli ni za karibuni. Mhandisi Antonio Parietti ndiye aliyesanifu ile ya Sa Calobra, iliyokamilika mwaka 1932, ambayo hushuka karibu mita 700 hadi baharini kwa mwendo wa kilomita zisizozidi kumi, ikijipinda kona baada ya kona, na mahali pamoja hujizungusha na kupita chini yake yenyewe. Aliyeteremka hadi ufukweni hana njia nyingine ya nchi kavu ya kurudia, ila kuupanda mlima uleule.

Mchezo wenyewe ulikuwa na mizizi kisiwani kabla ya wageni kufika. Guillermo Timoner, mzaliwa wa mji wa Felanitx, alikuwa bingwa wa dunia mara sita kati ya mwaka 1955 na 1965 katika mbio za uwanjani ambazo mwendesha baiskeli hukimbia nyuma ya pikipiki inayomkatia upepo. Utalii wa baiskeli ulikua baadaye, hoteli zilipokuwa zikitafuta wateja wa miezi ya baridi, na miongoni mwa walioupa mpango ni Max Hürzeler wa Uswisi, bingwa wa dunia wa mwaka 1987 katika mbio za aina hiyohiyo. Timu za kulipwa nazo hufanya mazoezi huko kabla ya msimu wa mashindano. Mojawapo ilikuwa timu ya Sky ya Uingereza, ambayo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliichezea aliposhinda Tour de France mara nne.

Kambi ya mazoezi ya baiskeli si mahema. Ni hoteli ya kawaida yenye chumba cha kufungia baiskeli, fundi na karakana, baiskeli za kukodi za vimo mbalimbali, na waongozaji wanaowagawa wageni katika makundi kulingana na kasi yao. Hoteli nyingi za aina hiyo ziko kaskazini, katika ghuba ya Alcúdia na Playa de Muro. Familia yenye watoto wadogo hukodi kiti cha mtoto au kigari cha kuvutwa nyuma, na mzazi asiye na mazoezi anaweza kuchukua baiskeli yenye mota ya umeme.

Kwa familia, njia zinazofaa ni zile za tambarare. Kati ya Manacor na Artà kuna njia ya kilomita 29 iliyotengenezwa juu ya reli iliyoachwa kutumika, na kwa kuwa treni haziwezi kupanda miinuko mikali, njia hiyo nayo ni ya upole. Karibu na Playa de Muro ipo hifadhi ya S'Albufera, eneo la ardhi oevu lenye ndege wengi. Kijiji cha Petra kina uwanja ambao waendesha baiskeli hupumzika na kula. Kwa wenye nguvu zaidi kuna barabara ya kwenda mnara wa taa wa Formentor, kilomita zipatazo 20 kutoka Port de Pollença, na kila mwaka mwishoni mwa Aprili hufanyika mbio za Mallorca 312, ambazo jina lake linatokana na urefu wake kwa kilomita.

Sheria za Hispania zinamlinda mwendesha baiskeli kwa kumlazimu dereva anayempita aache nafasi isiyopungua mita moja na nusu. Mtoto aliye chini ya umri wa miaka 16 ni lazima avae helmeti popote, na mtu mzima ni lazima aivae nje ya miji.

Msomaji Mwislamu afahamu kwamba ensaimada, mkate mtamu wa mviringo unaouzwa kila mahali, kwa desturi hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Badala yake upo mkate wa kupakwa nyanya na mafuta ya zeituni. Raia wa Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya Schengen, na fedha inayotumika ni yuro.

Wingi wa wageni una gharama yake. Kodi ya utalii hutozwa tangu mwaka 2016, na mwaka 2024 maelfu ya wakazi waliandamana Palma kulalamikia uhaba wa nyumba na msongamano unaoletwa na utalii. Kwa hiyo familia inayokusudia kwenda Mallorca kwa baiskeli itafanya vyema kuchagua Aprili au Oktoba kuliko Julai na Agosti, kwa maana katika Aprili na Oktoba jua ni la wastani, magari ni machache, na mzigo ambao mgeni anamwongezea mwenyeji ni mwepesi zaidi.