Baada ya kutolewa mtoto wa jicho: Subira isitupotezee jicho

Na Mwandishi Wetu

SIFA zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, katika safu hii ya afya na usafi leo tunazungumzia jambo linalozigusa nyumba nyingi za Unguja, kuanzia Mji Mkongwe hadi Nungwi na Makunduchi. Mzee wetu ametolewa mtoto wa jicho, amerudi nyumbani salama, na watu wanakuja kumpa pole. Je, sisi tunaokaa naye tunajua dalili ipi ni ya kawaida na ipi inataka arudishwe hospitali siku ile ile?

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi iliyo ndani ya jicho, nyuma ya mboni. Aghlabu huja na umri, ingawa kisukari na kuumia jicho navyo huchangia. Ni sababu inayoongoza kwa upofu duniani, na haina dawa ya kunywa wala ya matone. Tiba yake ni upasuaji: daktari huiondoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine ya kutengenezwa. Hapa kwetu kazi hii imekuwa ikifanyika katika Hospitali ya Mnazi Mmoja na katika kambi za macho zinazowafuata watu mashamba. Miongoni mwa walioshiriki ni madaktari kutoka China, ambao timu zao zimekuwa zikija Zanzibar tangu mwaka 1964.

Alhamdulillahi, upasuaji huu ni miongoni mwa wenye mafanikio makubwa. Wengi hurudi kuona, wakasoma msahafu wao na kuzitambua sura za wajukuu zao. Lakini wachache hupata matatizo baadaye, na mengi ya matatizo hayo yanatibika iwapo mgonjwa atawahi. Hapo ndipo penye kasoro yetu.

Mfano wa bibi aliyenyamaza

Tuchukue mfano tu, ambao msomaji anaweza kuuona katika nyumba yoyote. Bibi amepasuliwa Jumatatu. Jumanne amefunguliwa bendeji, anaona, nyumba nzima ina furaha. Alhamisi usiku jicho linaanza kumuuma. Anajiambia, "Mtu amekatwa, lazima aumwe." Ijumaa asubuhi jicho limekuwa jekundu, na ile nuru aliyoipata imeanza kufifia. Mwanawe akimuuliza hali, anajibu, "Alhamdulillah, mwanangu, sijambo." Hataki kumsumbua, na nauli ya kwenda mjini anaijua. Jirani anasema huenda ni hasadi, asomewe. Jumatatu inapofika, wanampeleka hospitali na jicho limejaa usaha kwa ndani.

Katika mfano huu hakuna mtu aliyemtakia bibi mabaya. Kila mmoja alidhani anafanya subira. Lakini subira ni kuvumilia mtihani huku ukiuchukulia hatua, na wala si kuyaficha maumivu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa maradhi yana dawa na akatuamrisha tujitibu. Kisomo ni kheri na hakuna anayekikataa, lakini mgonjwa wa namna hii asomewe akiwa ndani ya gari, safari ya hospitali imeshaanza.

Mambo ya kawaida

Katika siku za mwanzo si ajabu jicho kuwasha kidogo, kuhisi kama lina mchanga, kutoa machozi mepesi, kuwa jekundu kidogo au kuumizwa na mwanga. Kuona kunaweza kuwa na ukungu kwa siku kadhaa, na rangi zikaonekana kali kuliko zamani. Maumivu madogo hutulizwa na dawa ya kawaida kama panadol.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: jicho lililopasuliwa linatakiwa kila siku liwe afadhali kuliko jana. Likisimama pale pale kwa muda mrefu, muulize daktari. Likirudi nyuma, yaani leo limekuwa baya kuliko jana, hiyo ni dharura hata kama siku ya kliniki bado haijafika.

Kuna njia nyepesi ya kupima nyumbani. Kila asubuhi, kukishapambazuka, mgonjwa akae sehemu ile ile, alifunike jicho jingine kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha aangalie kitu kile kile, mathalani saa ya ukutani au kalenda. Jana aliisoma mishale ya saa, leo je? Anayekaa naye aulize na akumbuke jibu. Tukisubiri mzee aseme mwenyewe, huenda tukachelewa.

Dalili za kurudi hospitali siku ile ile

1. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au yasiyotulia kwa dawa ya maumivu.

2. Kuona kunakopungua baada ya kuwa kulikuwa kuzuri, kwa ghafla au kidogo kidogo.

3. Wekundu unaoongezeka, kope kuvimba, jicho kutoa usaha au tongotongo nyingi, au ukungu mweupe kuonekana mbele ya mboni.

4. Maumivu makali ya jicho pamoja na kichwa kuuma na kutapika.

5. Kuona miale kama ya radi, vitone vyeusi vingi vinavyoelea kama mbu, au kivuli kama pazia kinachofunika upande mmoja.

6. Jicho kugongwa au kuchomwa na kitu, au maji ya moto kububujika ghafla kutoka jichoni.

Dalili tatu za mwanzo ndizo za kuogopwa zaidi, hasa katika wiki ya kwanza, ingawa zinaweza kuja hata baada ya hapo. Zinaweza kuwa ishara kwamba vijidudu vimeingia ndani ya jicho. Maambukizi haya ni nadra, lakini yakitokea huharibu jicho kwa muda wa siku chache, pengine saa. Matone tuliyopewa nyumbani hayatoshi kuyatibu. Hospitali daktari hulazimika kuchoma dawa ndani ya jicho lenyewe, na wakati mwingine kulisafisha kwa upasuaji. Ndiyo maana kungoja hadi Jumatatu kunaweza kumgharimu mtu jicho. Madaktari nao hujitahidi kuyazuia: husafisha jicho kwa dawa ya ayodini kabla ya kupasua, na wengi huweka dawa ya kuua vijidudu ndani ya jicho wanapomaliza. Utafiti mkubwa wa nchi za Ulaya uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kuwa dawa hiyo ya mwisho ilipunguza maambukizi kwa kiasi cha mara tano. Kilichobaki ni usafi na uangalizi wetu nyumbani.

Dalili ya nne inaweza kuwa ni presha ya jicho kupanda. Hapa watu hudanganyika, kwa sababu mgonjwa anayetapika hudhaniwa ana malaria au amekula kibaya. Mwenye jicho lililopasuliwa akitapika na jicho likimuuma, jicho litazamwe kwanza.

Dalili ya tano inadanganya zaidi, maana haina maumivu kabisa. Ni ishara kwamba utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea picha, huenda umechanika au unabanduka. Inaweza kutokea wiki, miezi au hata miaka baada ya upasuaji, na wenye miwani ya kuonea mbali tangu ujanani wako katika hatari zaidi. Asiseme mtu, "Haliumi, basi halina neno."

"Mtoto wa jicho amerudi"

Wapo wanaoona vizuri kwa miezi au miaka, kisha ukungu ukaanza tena pole pole bila maumivu. Watu husema mtoto wa jicho amerudi, au wanamlaumu daktari. Ukweli ni kwamba hawezi kurudi, kwa kuwa lenzi ya asili imeshaondolewa. Kinachotokea ni ule mfuko mwembamba unaoshikilia lenzi mpya kuingia ukungu. Si dharura, na tiba yake ni mwale wa leza unaochukua dakika chache bila kukata. Aidha, wapo ambao kuona hupungua baada ya mwezi mmoja hivi, mistari iliyonyooka ikaonekana imepinda. Huenda ni uvimbe wa sehemu ya katikati ya utando wa nyuma, na wenye kisukari wanaupata zaidi. Hao nao wasikae nyumbani.

Usafi wa dawa na wa jicho

Anayemtia mgonjwa dawa aoshe mikono kwa sabuni kwanza. Ncha ya kichupa isiguse jicho wala kope. Kama dawa ni mbili, baina ya moja na nyingine zipite dakika tano. Kichupa ni cha mtu mmoja, hakiazimwi, na dawa iendelee mpaka siku aliyoitaja daktari hata kama jicho limeonekana zuri. Usinunue tone jingine dukani kwa ushauri wa jirani, kwani baadhi ya dawa hizo zikitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho.

Asali, maziwa ya mama, maji ya majani na wanja visitiwe katika jicho lililopasuliwa. Asali ina sifa yake katika dini yetu, lakini kuila ni jambo moja na kuitia katika kidonda cha jicho ni jambo jingine. Mgonjwa asilifikiche jicho, na alale na kile kikinga alichopewa. Akae mbali na moshi wa kuni na wa udi. Mama zetu wa Paje na Jambiani waache kwa muda kwenda kwenye mwani, na wanaopiga makumbi nao wapumzike, kwani maji ya bahari, mchanga na nyuzi za makumbi si vitu vya kukaribia kidonda. Kwa wakaazi wa Mji Mkongwe, ngazi za nyumba zetu ni kali na vichochoro vina baiskeli na vespa. Mzee aliyefunikwa jicho moja hapimi vizuri umbali, basi ashikwe mkono.

Udhu, sala na saumu

Wengi hulitia maji jicho kwa kuhofia udhu wao. Dini yetu ni nyepesi. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, mwenye kidonda kinachodhuriwa na maji huosha sehemu iliyo salama na kutayamamu kwa ajili ya ile isiyofikiwa na maji. Asiyeweza kusujudu, au aliyekatazwa na daktari kuinama, husali kwa kadiri ya uwezo wake, hata kwa kukaa na kuashiria, na sijida yake akaifanya chini kidogo kuliko rukuu. Kwa ufafanuzi wa hali yako muulize shekhe wako, na ulizo la kuinama mpelekee daktari.

Suala jingine ni Ramadhani. Wapo wanaoacha matone mchana kwa kuhofia saumu, na jicho likadhurika. Kwa madhehebu ya Shafi, kinachotiwa jichoni hakifunguzi. Nalo Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliyataja matone ya macho miongoni mwa visivyofunguza, maadamu mtu hamezi kwa makusudi kinachofika kooni. Basi tusiache dawa.

Tusisahau pia kwamba elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Tabibu Ammar bin Ali, aliyetokea Mosul na kufanya kazi Misri zama za Khalifa al-Hakim, aliyetawala mwaka 996 hadi 1021, aliandika kitabu cha maradhi ya macho na humo akaeleza namna ya kumfyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Wazee wetu hao walitafuta tiba huku wakimtegemea Mola wao.

Kabla ya kutoka hospitali

Uliza mambo matatu na uyaandike: tarehe ya kurudi, namba ya simu ya kitengo cha macho, na pa kwenda likitokea jambo usiku au siku ya mapumziko. Kama upasuaji umefanyika kambini na madaktari wataondoka, uliza ni nani atakayebaki kuwaona wagonjwa. Kikaratasi cha hospitali kiwekwe mahali panapojulikana na kila mtu nyumbani. Kutoka Nungwi hadi mjini ni kiasi cha kilomita 60, basi nauli ya dharura iwekwe kando tangu siku ya upasuaji. Pakitokea jambo, hospitali iliyo karibu ndiyo pa kuanzia. Useme mapema, "Huyu amepasuliwa jicho," na uombe apelekwe kwa daktari wa macho bila kuchelewa.

Na enyi vijana, msitosheke na lile jibu la "sijambo". Kaa karibu na mama yako, litazame jicho lake mchana kweupe, muulize anaona nini. Kulitunza jicho lililomwangalia mtoto usiku na mchana ni katika wema tulioamrishwa kwa wazazi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awahifadhie nuru ya macho yao na atujaalie kuwa wenye kuwatazama vyema. Amin.

Wabillahi tawfiq.