MCHANGA WA MTO NI GHALA LA MAFUTA

Mvua kubwa ikinyesha milimani Usambara, maji ya mto Lwengera huwa mekundu. Wewe unayeishi Magoma umeyaona. Wekundu huo ni udongo wa mashamba. Maji yakipunguza mwendo, mchanga hutua kwanza. Udongo laini hutua mbali zaidi.

Mamilioni ya miaka iliyopita, mito ilifanya kazi hiyo hiyo huko Uganda. Iliingia katika ziwa la kale, mahali lilipo Ziwa Albert leo. Pale mto ulipoingia ziwani, mchanga ulirundikana. Mahali kama hapo huitwa delta. Mbele zaidi ulitua udongo laini pamoja na mimea midogo sana ya majini iliyokufa. Vyote vikafukiwa chini sana. Huko chini kuna joto. Joto likageuza mabaki ya mimea kuwa mafuta. Mafuta yakapanda, yakaingia katika mchanga. Juu yake tabaka la udongo wa mfinyanzi likayazuia yasitoke.

Je, mafuta hukaa ardhini kama maji ndani ya pipa? Sivyo. Jaribu hivi. Jaza kopo mchanga mkavu mpaka juu. Sasa mimina maji polepole. Maji yanaingia! Yanakaa katika nafasi ndogo baina ya chembe za mchanga. Mafuta nayo hukaa hivyo. Toboa kopo chini. Maji yatatoka, lakini mchanga utabaki na unyevu. Mafuta pia hayatoki yote.

Mafuta ya Ziwa Albert yaligunduliwa mwaka 2006. Yanakadiriwa kuwa mapipa milioni 6,500. Yanayoweza kutolewa ni kama milioni 1,400 tu. Mwaka 2017 Uganda na Tanzania zilikubaliana kujenga bomba la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, mkoani kwetu Tanga. Mafuta hayo yakipoa huganda, kama mafuta ya nazi wakati wa baridi. Kwa hiyo bomba lake ni la kupashwa joto.

Basi, je, tuache udongo wetu uende ili uwe mafuta? Hapana. Kazi hiyo huchukua mamilioni ya miaka, na mahindi tunayataka mwaka huu. Kama shamba lako liko kwenye mteremko, lima matuta ya kukingama mteremko. Chimba makingamaji. Kingoni panda miti na majani ya kulishia ng'ombe. Udongo ukishafika mtoni, haurudi shambani.