Waicheke Tu Probox Yangu

Je, msomaji, umewahi kuaibishwa na gari lako mwenyewe? Mimi nimewahi, tena mbele ya watu. Nilikuwa nimealikwa harusini mtaani Eastleigh, Nairobi. Nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi, nikajipaka manukato na kufika langoni pa ukumbi kwa wakati. Mbele yangu yalitangulia magari matatu ya Land Cruiser, na bawabu akayapigia saluti moja baada ya jingine. Zamu yangu ilipofika aliinama, akachungulia viti vya nyuma, kisha akasema kwa adabu, "Mzee, vyakula vinaingilia mlango wa nyuma."

Sikuwa nimeleta vyakula. Nilikuwa nimemleta mke wangu, dada yangu na zawadi ya bibi harusi. Lakini gari nililokuwa nikiendesha lilikuwa Toyota Probox, na katika nchi hii mwenye Probox hudhaniwa daima kuwa ametumwa na mtu.

Dada yangu alicheka. Mke wangu hakucheka. Kijana wetu, mtoto wa ndugu yangu anayesoma chuo kikuu, aliposikia kisa hicho jioni, alinijia na kuniambia, "Adeer, uza hili gari. Linatuaibisha." Adeer ni neno la Kisomali la kumwita ami, na kijana akilitamka kwa sauti ya chini namna ile, jua ana jambo zito moyoni.

Wakubwa nao wakaunga mkono. Walinifanyia hesabu: niiuze Probox, niongeze akiba ya karo, kisha nichukue Prado iliyotumika na kulipa salio kidogo kidogo kwa miaka minne. Niliomba muda wa kufikiri. Nikarudi nyumbani Tarbaj na Probox yangu, na leo nataka kukueleza kwa nini mpaka sasa sijaiuza.

SANDUKU LA KAZI

Kwanza tulijue gari lenyewe. Probox ilianza kuuzwa nchini Japani mwaka wa 2002. Jina lake halina siri: "pro" ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya mtaalamu wa kazi, na "box" ni sanduku. Waliolibuni hawakuwa na nia ya kumfurahisha mtu barabarani. Walimfikiria mchuuzi wa kampuni anayeshinda garini kutwa nzima akipeleka bidhaa. Ndiyo maana paa lake ni la mraba, kiti cha nyuma ni chembamba na hulala chini chote, na buti yake ni pana kama chumba. Muundo mpya wa mwaka wa 2014 una kimeza kinachovutwa kutoka kwenye dashibodi, na hata mahali pa kuweka pakiti ya maziwa ya lita moja. Nani mwingine aliyewahi kumfikiria dereva na maziwa yake?

Injini yake ya lita 1.5 ni ya ukoo mmoja na ile iliyomo katika baadhi ya magari ya Vitz, Fielder, Premio na Allion. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Maana yake ni kwamba spea haisubiriwi kutoka ng'ambo. Basi la usiku kutoka Nairobi huileta, na fundi aliyejifunza kazi chini ya mti huifunga kabla ya adhuhuri.

VYEO VYA MAGARI

Tarbaj ni mji mdogo katika Kaunti ya Wajir, zaidi ya kilomita 50 kaskazini mwa mji wa Wajir, kwenye njia ya kwenda Elwak na Mandera. Huku kwetu magari yana vyeo kama wanadamu. Zamani mfalme alikuwa Land Rover, gari ambalo Waingereza walilionyesha kwa mara ya kwanza mwaka wa 1948 na ambalo maofisa wa serikali walilitumia kote kaskazini. Baadaye Land Cruiser ikampokonya kiti. Ile ya muundo wa 70, iliyoanza kuundwa mwaka wa 1984, ndiyo ambayo vijana wetu huijua kwa mlio kabla hawajaiona. Ukikaa na wapenzi wa magari wakinywa chai ya maziwa jioni, utasikia habari za springi, magurudumu na injini za dizeli mpaka usingizi ukushike.

Ukiitaja Probox, kimya. Kisha mmoja atasema, "Hiyo ni kabati yenye magurudumu." Mjini Nairobi mambo ni yayo hayo, ila huko wenye dharau ni vijana wa Subaru.

Mimi hujibu kwa mfano wa ngamia. Katika boma la mfugaji wako ngamia wa maziwa, ambao kila mtu huwasifu. Yuko pia dume la mizigo, ambalo halina wa kulisifu. Lakini siku ya kuhama, ni mgongo wa nani unaobeba miti na mikeka ya nyumba, masufuria, maji na mtoto asiyeweza kutembea? Ni wa lile dume la mizigo.

Tangu mwisho wa 2020 hadi mapema 2023 mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo. Wakati huo Probox yangu ilibeba mitungi 20 ya lita 20 kila mara nilipotumwa maji. Hizo ni kilo 400, uzito uleule ambao waundaji wake waliukusudia. Haikulalamika, wala haikuninyang'anya pesa zote kwa petroli.

FUNDI NA GARI KUUKUU

Wala usidhani kuwa ni mimi tu ninayependa gari lililopitwa na wakati. Wazee watakukumbusha habari za Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mashindano ya Safari mwaka wa 1965 pamoja na nduguye Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544, lililokwisha kutumika, lenye umbo lililobuniwa miaka ya 1940. Mwaka huohuo wa ushindi wao, kiwanda kiliacha kuliunda. Lakini Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva maarufu. Alilijua gari lake ndani na nje, akajua litavumilia nini na halitavumilia nini. Akashinda tena mwaka wa 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer.

Funzo ni kwamba gari halishindi peke yake. Hushinda likiwa na mtu anayelijua.

USIKU WA KWENDA WAJIR

Sasa nikupe kisa kilichomaliza ubishi katika ukoo wetu. Kijana wangu wa chuo alikuja Tarbaj likizoni, miezi michache baada ya ile harusi. Mchana alikuwa akiniomba nimshushe mbali kidogo na vijana wenzake. Mimi nilijifanya sielewi.

Usiku mmoja, yapata saa saba, jirani yangu aligonga mlango. Mke wake alikuwa na uchungu wa kujifungua tangu magharibi, na mkunga alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Wajir bila kuchelewa. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani na mgonjwa mwingine. Mwenye Land Cruiser wa kwanza alikuwa amesafiri Mandera. Wa pili gari lake lilikuwa limefunguliwa injini. Jirani alisimama mlangoni, viatu mkononi. "Walaal," aliniambia, yaani ndugu yangu, "lile lako litafika?"

Nilimjibu kuwa litafika. Moyoni sikuwa na hakika.

Tulilaza kiti cha nyuma, tukatandika godoro. Mama alilala humo, mkunga akapiga magoti kando yake, na mama mkwe akajikunja pembeni. Jirani hakupata nafasi, akabaki akiomba dua. Kijana alikaa mbele nami, akiwa na tochi. Kabla ya kuondoka nilipunguza upepo kidogo katika magurudumu ili mchanga usituzamishe.

Njia ile usiku haina huruma. Kuna sehemu zenye mikunjo kama mabati, na ukienda polepole mno gari hutetemeka mpaka meno yanagongana. Ukienda kasi nalo hukosa kushika ardhi. Nililitafuta lile neno la katikati ambalo kila dereva wa huku analijua kwa makalio yake. Nyuma yetu mama alikuwa akilia, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko kilio.

Tulipokuwa karibu nusu ya njia, jiwe liligonga chini. Ekzosi ikakatika, ikaanza kuburura. Tumbo la Probox liko karibu na ardhi, na hilo ndilo lawama lake kubwa, nami silikatai. Nilisimama, nikaingia chini. Kijana akalala mchangani kando yangu, na shati lake zuri, akanimulikia. Nilikuwa na koleo na waya wa kufungia ua. Mikono ilikuwa inaungua. "Adeer, nipe mimi," alisema, akajifunga kitambaa kiganjani, akaishika ile bomba mpaka nikamaliza kuifunga. Hatukuzidi dakika kumi.

Tuliingia Wajir tukinguruma kama trekta. Kwenye kizuizi askari alitumulika, akaona godoro, akainua mti bila neno. Alfajiri ilipoadhiniwa tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje, tumejaa vumbi. Daktari alikuja kutuambia kwamba mtoto wa kike amezaliwa, na mama yu hai. Alisema pia kuwa saa moja zaidi ingekuwa hadithi nyingine.

Kijana hakusema lolote juu ya gari. Lakini nilipoamka kwenye kile kibenchi, nilimkuta ametafuta ndoo na kitambaa, anaiosha Probox taratibu, mlango kwa mlango.

KOSA LANGU

Hapa ningeweza kumaliza, msomaji, nawe ungeona kuwa mimi ni shujaa na gari langu ni la miujiza. Si kweli, na mapenzi yasiyo na ukweli ni hatari.

Miaka kadhaa kabla ya usiku ule, siku moja ya soko, nilibeba watu kumi katika gari la watu watano. Wanne walikuwa ndani ya buti. Kila mmoja alinisihi, nami kila nauli niliipokea. Gurudumu la nyuma lilipasuka, gari likageuka nusu mduara na kutua kwenye kichaka. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini mtoto wa shule alivunjika mkono, na mpaka leo nikikutana na baba yake sokoni ni mimi ninayeinamisha macho.

Kwa hiyo wanaposema Probox ni gari la ajali, huwa sikasiriki. Nawauliza tu: nani aliyeingiza watu kumi humo? Sanduku halijazi lenyewe. Tangu siku hiyo nabeba watano, pamoja nami, hata mlinzi wa soko anisihi vipi.

Na tena lina mipaka yake. Mvua za El Niño zilipotufurikia mwishoni mwa 2023, njia ziligeuka mito. Niliegesha Probox yangu Wajir majuma kadhaa, nikapanda lori kama wenzangu. Wenye Land Cruiser walipita mahali ambapo mimi nisingethubutu, na niliwapungia mkono kwa heshima. Kulipenda gari lako hakukulazimishi kudharau la mwenzio.

KABLA HUJANUNUA

Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo Probox za muundo wa kwanza, kama yangu, haziji tena. Zilizopo ndizo zilizopo, na mwenye nayo aitunze.

Lakini sikuandika haya ili ukanunue Probox. Nakusihi tu kwamba siku familia yako itakapoketi kuzungumzia gari, msianze na jirani atasema nini. Anzeni na maswali matatu. Je, gari hili litabeba nini siku ya kawaida, na siku ya shida? Likiharibika, fundi wa karibu analiweza na spea inapatikana? Na la tatu: tukishalilipia, je, karo ya watoto itabaki palepale?

Nilipoyajibu maswali hayo, hesabu ya Prado ilijifunga yenyewe. Ile akiba ya karo haikuguswa, na muhula uliofuata ndiyo iliyomrudisha kijana chuoni. Kibaya chako, walisema wahenga, si chema cha mwenzako.

Juzi tulialikwa harusi nyingine. Kijana ndiye aliyekuwa usukani. Bawabu alituonyesha mlango wa nyuma, kama kawaida. Kijana alishusha kioo, akacheka na kumwambia, "Sisi ni wageni, ndugu yangu. Tuonyeshe pa kuegesha." Akaiegesha Probox katikati ya Land Cruiser mbili, akashuka, akamfungulia mke wangu mlango.