Afya ya Uzeeni Huandaliwa Mapema

Mwaka 1973 iliendeshwa huko Tanzania Bara kampeni kubwa ya elimu kwa njia ya redio, iliyopewa jina la "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2, wake kwa waume, walijiunga katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakarudi majumbani mwao kuchimba vyoo, kufyeka majani na kuchemsha maji ya kunywa. Adui wa wakati ule alikuwa akionekana: mbu, minyoo na uchafu. Mwananchi aliweza kumkabili kwa jembe na fyekeo.

Adui anayewavizia wazee wetu leo ni wa namna nyingine. Shinikizo la damu na kisukari havipigi hodi. Mwenye navyo hulima, huvua, husali, huzungumza barazani na wenzake, hata siku aangukapo na nusu ya mwili ikapooza. Hapo ndipo jamaa husema amepitiwa na upepo mbaya, wakaanza kumtafutia mganga wa kumpunga, na saa za thamani zikapotea. Huo si upepo. Ni kiharusi, na mara nyingi mizizi yake ilikwisha kuota miaka mingi nyuma.

Wako wanaodhani kuwa maradhi haya ni ya watu wa mjini na wenye nafasi. Dhana hiyo haina msingi. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ulionyesha kuwa kiasi cha watu 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na walio wengi miongoni mwao hawakuwa na habari. Hao ni wakulima waliozoea jembe. Kazi ya mikono ni kinga njema, lakini haitoshi peke yake.

Katika mkoa huo huo, Wilaya ya Same, kuna Chome, penye msitu wa mlima Shengena unaofikia mita 2,462, kilele cha juu kuliko vyote katika Milima ya Upare. Wapare wa milima hiyo wana jambo ambalo sisi wa visiwani yatupasa kulitafakari. Tangu zama za mababu hujenga ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya kijito usiku, ili asubuhi yafunguliwe na kumwagilia mashamba kwa zamu. Ndiva hutunzwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo watu huitwa nao huitika. Matope huzolewa na ukingo huzibwa kabla haujabomoka, kwani ukibomoka, maji yaliyokusanywa usiku kucha huteremka bondeni bure.

Mwili wa mwanadamu ni ndiva ya namna hiyo. Anayengoja ukingo ubomoke ndipo atafute udongo amekwisha kuchelewa. Na kuchelewa huko ni hatari zaidi kwa mkaazi wa mlimani ambaye hospitali i mbali chini ya mteremko, kama ilivyo kwa mkaazi wa Tumbatu au Kojani ambaye lazima apate chombo kwanza ndipo avuke.

Basi mwananchi afanye nini? Kwanza, aliyevuka miaka 40 apimwe shinikizo la damu na sukari angalau mara moja kwa mwaka, bila ya kungoja kuumwa. Vipimo vikirudia kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi, hapo pana jambo la kushughulikiwa. Pili, aliyepewa dawa asiziache kwa kuwa amejihisi mzima. Uzima huo ndio kazi ya dawa zenyewe. Tatu, chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika ng'onda, papa mkavu na achari. Nne, tumbaku iachwe, na miguu itembezwe. Tano, mwenye kisukari amwendee daktari kabla ya Ramadhani kuingia. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na asiyeweza tena kufunga hulisha maskini. Kuitumia ruhusa hiyo si udhaifu wa imani, kwani mwili nao ni amana.

Lakini wajibu wa mwananchi haumwondolei mtumishi wa Serikali wajibu wake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kuwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Zanzibar nayo, mwezi wa Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya kila mwezi, iwe aliajiriwa au hakuajiriwa. Haya ni mambo ya kujivunia. Hata hivyo, sera haimpimi mtu. Mzee akitembea mwendo mrefu hadi kituoni, akakuta mashine ya kupimia ni mbovu na dawa zimekwisha, tutakuwa na uso gani wa kumwambia kwamba hajali afya yake?

Liko neno moja ambalo lafaa lipigwe marufuku pande zote mbili: "Ni uzee tu." Mzee hulitamka akifumbia macho kizunguzungu, na mhudumu hulitamka akitaka foleni iishe upesi. Uzee si ugonjwa. Macho yanayofifia huenda yana mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji. Kiu isiyokatika na kidonda cha mguu kisichopona vina sababu, na sababu hutafutwa.

Tunawataka viongozi wa matawi na mabalozi wa mashina wawajue wazee wa maeneo yao: nani hajapimwa, nani amekatiza dawa, nani hana wa kumfikisha kituoni. Vijana na wawashike mkono. Huo ndio msaragambo wa zama zetu, na kila mmoja wetu aliye hai anauelekea uzee huo huo.